Uzi: Ugonjwa wa kiwele unaoonekana baada ya kuzaa mara nyingi huanzia kipindi cha ukavu

Mwanzisha uzi

Wafugaji wenzangu, salaam.

Swali la ugonjwa wa kiwele huulizwa humu karibu kila wiki, na kwa kawaida huja hivi: ng'ombe amezaa juzi, robo moja ya kiwele imevimba, maziwa yanatoka na mabonge, nitumie dawa gani? Majibu yanayofuata huwa ni majina ya dawa. Ni nadra mtu kuuliza ng'ombe huyo alikaushwa lini (yaani aliachwa kukamuliwa ili apumzike kabla ya kuzaa), alikaushwaje, na amekuwa akilala wapi kwa miezi miwili iliyopita. Mwaka 2000 watafiti wa Uingereza, Bradley na Green, walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba, katika ng'ombe waliowafuatilia, zaidi ya nusu ya visa vya ugonjwa wa kiwele vilivyoletwa na bakteria E. coli na jamaa zake ndani ya siku 100 za kwanza baada ya kuzaa vilitokea katika robo ambazo bakteria walikwishaingia wakati ng'ombe hakamuliwi. Kwa hiyo anayesubiri kuona uvimbe ndipo aanze kushughulika amechelewa kwa wiki kadhaa.

Ninaandika nikimlenga mfugaji mdogo wa Rungwe, Njombe, Hai, Lushoto au Nyandarua, mwenye ng'ombe wachache wa banda, anayekamua kwa mkono na asiye na maabara karibu.

Wapo wanaouliza kwa nini tukaushe kabisa ilhali fedha ya maziwa inahitajika kila siku. Jibu zuri kuliko yote ninayoyajua lilitoka Tennessee, Marekani, mwaka 1965, ambako mtafiti Swanson alitumia jozi za ng'ombe mapacha wa kufanana. Katika kila jozi, pacha mmoja alipumzishwa kabla ya kuzaa na mwenzake akakamuliwa mfululizo. Katika uzao uliofuata, aliyekamuliwa mfululizo alitoa asilimia 75 tu ya maziwa ya pacha wake, na katika uzao wa baada ya huo akashuka hadi asilimia 62. Kwa kuwa walikuwa mapacha wa kufanana, tofauti hiyo haiwezi kusingiziwa mbegu. Katika wiki hizo za mapumziko seli za kiwele zilizochakaa huondolewa na nyingine hujengwa, na kuelekea mwisho dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya ndama, hutengenezwa.

Mimba ya ng'ombe huchukua takriban siku 280. Ukitaka siku 60 za mapumziko, basi siku ya kukausha iko karibu na siku ya 220 tangu aliposhika mimba. Chini ya siku 40 ni chache mno kwa kiwele kujijenga upya, na ukipita sana siku 70 ng'ombe huanza kunenepa na kukuletea shida wakati wa kuzaa. Asiyeandika tarehe ya kupandisha au ya uhimilishaji hawezi kufanya lolote kati ya haya ninayoyaeleza, kwa hiyo daftari linatangulia dawa.

Ukijua kinachotokea ndani ya kiwele utaelewa ni wapi pa kuweka nguvu. Siku za kwanza baada ya kuacha kukamua, maziwa huendelea kutengenezwa. Shinikizo hupanda, chuchu hujaa, nyingine huvuja, na bakteria walioingia hawatolewi tena kwa kukamua kama ilivyokuwa kila asubuhi na jioni. Baadaye maziwa hufyonzwa na mwili, kiwele husinyaa, na protini iitwayo laktoferini huongezeka. Protini hiyo hushika madini ya chuma ambayo E. coli huyahitaji ili kuongezeka. Wakati huohuo mfereji wa chuchu huzibwa na keratini, ambayo ni kizibo cha asili kinachofanana na nta. Ng'ombe akifika katikati ya kipindi cha ukavu, kiwele chake kinakuwa kigumu kushambuliwa. Wiki 2 za mwisho mambo hugeuka tena: dang'a huanza kujaa, laktoferini huzimuliwa, kizibo hulainika, na kinga ya mwili hupungua kadiri siku ya kuzaa inavyokaribia. Hatari basi imejikusanya katika wiki 2 za mwanzo na wiki 2 za mwisho. Bahati mbaya hizo ndizo wiki ambazo ng'ombe asiye na maziwa husukumwa pembeni ya banda, kwenye matope, ili anayekamuliwa apate mahali pakavu.

Kizibo hicho cha asili nacho si cha kutegemewa kwa kila chuchu. Dingwell na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, walikuta kwamba asilimia 23 ya chuchu zilikuwa bado wazi wiki 6 baada ya kukausha. Ndiyo sababu ninawasihi watu waache mazoea ya kumkamua kidogo ng'ombe mkavu "ili kuangalia kama yuko salama". Kila unapofanya hivyo unatoa kizibo kilichokwishajijenga na kukifanya kiwele kidhani bado kinahitajika.

Kabla ya siku ya kukausha, pima kila robo peke yake. Kipimo cha CMT (California Mastitis Test), kinachoonyesha uambukizo wa kiwele kwenye maziwa, kimetumika tangu mwaka 1957, na kinahitaji kibao chenye vikombe 4 na dawa yake. Mwaga michirizi ya mwanzo, weka maziwa ya mililita 2 au 3 kutoka kila robo, ongeza dawa kwa kiasi kilekile, kisha zungusha kibao polepole kwa sekunde 10 hivi. Mchanganyiko ukibaki majimaji, robo hiyo ni salama; ukiwa mzito au ukawa kama ute unaokusanyika katikati, robo ina uambukizo hata kama maziwa yanaonekana meupe kabisa. Huko Pakistani watafiti walionyesha kwamba sabuni ya unga ya kufulia, kwa kipimo cha asilimia 3, yaani gramu 30 katika lita 1 ya maji, huweza kufanya kazi inayofanana. Matokeo yake huhitaji jicho lililozoea, lakini ni afadhali kuliko kubahatisha.

Siku yenyewe ya kukausha ndipo makosa mengi hufanyika, kwa hiyo nitaieleza kirefu. Kamua hadi mwisho. Osha mikono kwa sabuni, au vaa glavu mpya. Chovya chuchu zote katika dawa ya kuua vijidudu, subiri nusu dakika, kisha futa kwa karatasi safi. Chukua pamba yenye spiriti ya asilimia 70 na usugue ncha ya kila chuchu hadi pamba itoke nyeupe, kila chuchu na pamba yake. Anza kusafisha chuchu za upande wa mbali na wewe na umalizie za karibu. Unapoingiza dawa ya ukavu, inayokuja kwenye tyubu za kutia ndani ya chuchu, fanya kinyume: anza na za karibu, umalizie za mbali, ili mkono wako usiguse chuchu uliyokwisha kuisafisha. Ncha ya tyubu iingie kidogo tu, milimita 3 hivi, kwa sababu kuisukuma yote hupanua mfereji na kupeleka ndani uchafu ulioganda kwenye ncha ya chuchu. Tyubu moja ni ya robo moja. Kugawa tyubu moja kwa chuchu 4 ni kuhamisha ugonjwa kutoka robo yenye uambukizo kwenda zilizo salama, na ni kuzipa zote kipimo kisichotosha. Usilowanishe tyubu kwenye ndoo ya maji ya moto ili zilainike, kwa kuwa maji hayo hubeba bakteria. Ukimaliza, chovya chuchu tena, kisha mwache ng'ombe asimame mahali pakavu kwa angalau nusu saa. Kumwekea majani mbele yake kunatosha kumzuia asilale.

Tyubu za ng'ombe anayekamuliwa si mbadala wa tyubu za ukavu. Za ukavu, kama zile zenye antibiotiki ya kloksasilini ya kutolewa polepole, zimetengenezwa ili zikae kwa wiki kadhaa, ilhali zile nyingine huisha ndani ya siku chache. Sindano ya oksitetrasaiklini shingoni nayo haichukui nafasi yake, ingawa wengi huuziwa hivyo dukani.

Karibuni tujadiliane.

Mchangiaji kutoka Njombe

Ndugu mwanzisha uzi, nashukuru kwa maelezo. Ng'ombe wangu ana mimba ya miezi 7 na bado anatoa lita 18 kwa siku. Wazee hapa kijijini wananishauri nimnyime maji siku mbili, maziwa yatakatika yenyewe. Je, niwafuate?

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, usimnyime maji hata siku moja. Ng'ombe mwenye mimba kubwa asiyekunywa maji huacha kula, na tumbo lake likisimama unaweza kupata hasara kubwa kuliko ya kiwele.

Hofu yao kuhusu wingi wa maziwa hata hivyo ina msingi. Utafiti wa Rajala-Schultz na wenzake wa Ohio, mwaka 2005, uliona kwamba kwa kila kilo 5 zinazozidi kilo 12.5 za maziwa siku ya kukausha, uwezekano wa ng'ombe kukutwa na uambukizo wakati wa kuzaa uliongezeka kwa angalau asilimia 77. Maziwa mengi hufanya chuchu zichelewe kujifunga. Kwa ng'ombe wako wa lita 18, anza wiki moja au siku 10 kabla. Ondoa pumba, mashudu na chakula cha dukani, punguza majani mabichi laini, mpe nyasi kavu za kutosha au mabua, na maji yawepo muda wote. Kisha kamua mara moja kwa siku badala ya mara mbili. Akishuka hadi lita 12 au chini yake, chagua siku, umkamue mara ya mwisho, umtie dawa na uache moja kwa moja. Kinachodhuru ni kile kitendo cha kuacha leo na kurudi kesho kutwa kwa sababu kiwele kinaonekana kimejaa.

Mchangiaji kutoka Nyandarua

Nimesoma kwamba Ulaya wamepiga marufuku kuwatia ng'ombe wote tyubu za antibiotiki wakati wa kukausha. Huku kwetu daktari wa mifugo anasisitiza kila ng'ombe, kila robo. Nani yuko sahihi?

Mwanzisha uzi

Ni kweli kwamba tangu tarehe 28 Januari 2022 kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2019/6 imezuia kutumia antibiotiki kama mazoea ya kinga kwa mifugo isiyo na ugonjwa. Badala yake ng'ombe hupimwa. Kigezo kinachotumika sana ni seli 200,000 (hasa chembe nyeupe za damu, ambazo huongezeka kiwele kikiwa na uambukizo) kwa kila mililita ya maziwa: aliye juu yake hupewa antibiotiki, aliye chini huwekewa dawa ya kuziba chuchu peke yake. Dawa hiyo, ambayo kwa kawaida ina bismuthi, haiui bakteria yeyote. Kazi yake ni kukaa ndani ya chuchu na kufunga njia hadi siku ya kuzaa.

Maoni yangu ni kwamba mfugaji mwenye CMT na mikono safi anaweza kuufuata utaratibu huo hata Nyandarua. Usugu wa dawa hauchagui bara, na kununua tyubu 4 kwa ng'ombe ambaye robo zake zote ni salama ni fedha iliyopotea.

Mtaalamu wa mifugo, Mbeya

Naomba nitofautiane kidogo na mwanzisha uzi, kwa heshima. Huko Ulaya wanayo kumbukumbu ya seli za kila ng'ombe kwa mwaka mzima. Mfugaji wetu ana kipimo kimoja cha CMT, alichokifanya siku moja, pengine gizani baada ya kukamua. Zaidi ya hayo, kuziba chuchu ya ng'ombe ambaye uambukizo wake haukuonekana ni kumfungia adui ndani, na kuziba bila usafi wa kutosha nimeona kukiua ng'ombe. Kwa boma ambalo robo nyingi zimeonyesha ute katika CMT, au ambalo halijawahi kupimwa kabisa, bado ninashauri ng'ombe wote watiwe tyubu za ukavu kwa uzao mmoja. Baada ya hapo ndipo tuanze kuchagua.

Nina nyongeza mbili. Ya kwanza ni kupe. Ng'ombe mkavu hutolewa nje kuchunga, na kuogeshwa kwake husahauliwa kwa kuwa hakamuliwi. Kupe wakubwa wenye madoa wa jamii ya Amblyomma wana mdomo mrefu na hupenda kiwele na kinena. Kidonda chao hugeuka jipu, na nimekuta mitamba waliozaa na chuchu iliyokwishaziba kabla haijatoa tone. Ratiba ya kuogesha iendelee, na kiwele kikaguliwe kwa macho na kwa kiganja bila kukamua.

Ya pili ni homa ya maziwa. Kalsiamu ikishuka, msuli unaofunga tundu la chuchu hulegea, na ng'ombe aliyelala chini kwa saa nyingi hulalia samadi. Wiki 3 za mwisho punguzeni lusina, na msiweke magadi kwenye chakula, kwa kuwa sodiamu nyingi huuzuia mwili kujiandaa kutoa kalsiamu kutoka mifupani. Tumieni madini ya ng'ombe wakavu, si yale ya wanaokamuliwa. Ng'ombe aliyeishi kwa mabua makavu kiangazi chote huwa pia na upungufu wa vitamini E, ambayo pamoja na seleniamu husaidia chembe nyeupe za damu kupambana na bakteria wa kiwele.

Mwanzisha uzi

Nakubali hoja ya mtaalamu kuhusu boma lisilowahi kupimwa; hapo ushauri wake ni salama kuliko wangu. Kwa boma lililopimwa mara kadhaa na kuwekewa kumbukumbu, ninabaki na msimamo wangu. Niongeze kwamba robo inayorudia ugonjwa inafaa sampuli yake ipelekwe maabara, kama ile ya TVLA (Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania) Temeke au ya SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) Morogoro, na kwa ndugu wa Kenya, maabara ya mifugo ya Kabete. Ikithibitika ni bakteria aitwaye Staphylococcus aureus kwa ng'ombe mzee, uwezekano wa kupona ni mdogo hata kwa tyubu za ukavu, kwa sababu bakteria huyo hujificha ndani ya majipu madogo kwenye nyama ya kiwele. Ng'ombe wa namna hiyo akamuliwe wa mwisho, na mwenyewe aanze kufikiria kumwondoa.

Mchangiaji kutoka Rungwe

Nimemkausha wangu juzi. Leo kiwele kimejaa na kimekaza. Nikikamua kidogo tu ili apate nafuu, nitaharibu? Na huku kwetu mvua haikatiki, nifanyeje na malazi?

Mwanzisha uzi

Ndugu, kujaa kwa siku ya pili hadi ya nne ni kawaida, mradi robo zote zimejaa sawasawa, ng'ombe anakula na hana homa. Baada ya hapo kiwele huanza kulegea, na kufikia wiki 2 kinakuwa kimesinyaa. Kinachokupasa kukitafuta ni tofauti: robo moja iliyo kubwa kuliko nyingine, yenye joto au maumivu, ng'ombe anayechechemea kwa kukikwepa kiwele, anayesusa chakula, au ambaye joto la mwili limepita nyuzi 39.5. Ukiona hivyo, robo hiyo moja ikamuliwe na itibiwe kwa ushauri wa daktari wa mifugo, nyingine zisiguswe.

Malazi kwa Rungwe ndiyo kazi kubwa kuliko zote, na hakuna tyubu itakayoifanya kwa niaba yako. Maranda mabichi na samadi yenye unyevu huzalisha bakteria wa kiwele kama E. coli, Klebsiella na Streptococcus uberis kwa wingi. Mchanga ni bora kwa kuwa hauwapi bakteria chakula, iwapo unapatikana. Maranda makavu au mabua yaliyokatwa yanafaa pia, lakini yabadilishwe kila siku sehemu ya nyuma anapolalia kiwele, na chokaa kidogo inyunyizwe chini yake. Inua sakafu ya kulalia, chimba mtaro wa kupitisha mkojo, na uangalie paa lisivuje hapo. Kama dawa ya kuziba chuchu imekushinda, chovya chuchu mara moja kwa siku katika wiki ya kwanza na katika siku 10 za mwisho kabla ya kuzaa. Mahali pa kuzalia paandaliwe mapema, pasiwe palepale alipougulia mwingine.

Mchangiaji kutoka Njombe

Swali la mwisho kwangu. Akizaa kabla ya siku zilizotarajiwa, maziwa yaliyotiwa dawa nitayajuaje kuwa ni salama kuuza?

Mwanzisha uzi

Huwezi kuyajua kwa kuyatazama wala kwa kuyaonja. Karatasi ya tyubu huandika siku ambazo lazima zipite tangu kutia dawa na siku za kumwaga maziwa baada ya kuzaa. Akizaa kabla siku hizo za kwanza hazijatimia, muda wa kumwaga huongezeka, na namna ya kuuhesabu huandikwa humohumo. Ndiyo maana tarehe ya kutia dawa na jina la dawa vinapaswa kuandikwa kwenye daftari lile lile la kupandisha. Usiyachanganye maziwa hayo na ya wenzake kwenye kopo la kupeleka kituo cha kukusanyia, kwani kiasi kidogo huweza kuharibu maziwa ya wanachama wote na kuzuia mtindi kuganda.

Ikiwa uliweka dawa ya kuziba, siku ya kuzaa kamua kila chuchu kwa mkono michirizi 10 hadi 12 kwenye chombo cha pembeni ili kizibo kitoke. Chembe nyeupe za dawa hiyo huweza kuendelea kuonekana kwa siku kadhaa, na watu wengi huzidhania mabonge ya ugonjwa. Za dawa hunata na kuteleza kati ya vidole kama mafuta mazito. Mabonge ya maziwa huvunjika. CMT usiifanye kwenye dang'a, kwa sababu seli zake ni nyingi hata kwa ng'ombe mzima. Subiri hadi siku ya 5, upime robo zote 4, na uandike matokeo kando ya yale ya siku ya kukausha.